Kiangazi cha Nakuru ni kipi? Swali la matairi ya Subaru

Fundi, salamu kutoka Kiamunyi.

Nina Subaru WRX S4 ya mwaka 2017. Niliipokea mwaka juzi ikiwa imetoka tu bandarini Mombasa, na ndiyo gari pekee hapa nyumbani. Asubuhi inanipeleka kazini Njoro, jioni inachukua watoto shuleni, na kila mwisho wa mwezi inapanda Salgaa na Mau Summit, inashuka Londiani na Kericho hadi Ahero kwa mama. Kwa hivyo usinihesabu na wale wanaokimbizana kwenda Naivasha wiki ya Safari Rally, ingawa sikatai, nilienda mara moja.

Aprili iliyopita nilikuwa nimepita Londiani nikielekea Kericho. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na maji yamesimama kwenye zile nyayo za malori. Mshale ulikuwa kwenye tisini. Ghafla usukani ukawa mwepesi kama wa gari la kuchezea, injini ikanguruma, na gari likaanza kwenda linakotaka lenyewe. Sikukanyaga breki, nilitoa tu mguu. Baada ya sekunde mbili hivi likashika lami tena. Mke wangu hakusema neno hadi tukafika Kericho, na alipofungua mdomo alisema tuliuze.

Matairi ni yale yale yaliyokuja na gari kutoka Japani. Nimeinama nikanakili maandishi ya ubavuni: 225/45R18 91Q, kisha 3519 ndani ya kiduara kirefu, na neno STUDLESS kwa herufi kubwa. Kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, bado ni nene, zimekatwakatwa kwa mistari myembamba kama meno ya kitana. Presha ni 26. Fundi wa mtaani aliniwekea hivyo ili matuta yasinipige sana. Kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kuna 230, namba ambayo sijawahi kuielewa.

Sasa kila mtu ana ushauri wake. Fundi huyo wa mtaani anasema ninunue mawili mapya ya mbele, ya nyuma yatangoja. Binamu yangu anataka niende rimu za 19 na matairi ya 245/35, eti gari lisimame vizuri na lishike kona. Muuzaji wa matairi mjini ananionya nisiguse matairi ya kiangazi, kwamba Aprili yataniua, ninunue ya misimu yote. Alinipa bei mbili: yenye jina kubwa shilingi 29,000 kila moja, na mengine ambayo sijawahi kusikia jina lake kwa 11,500. Nimeweka kando elfu tisini. Nifuate yupi?

Mwenye S4, Kiamunyi

*

Ndugu wa Kiamunyi,

Nusu ya majibu umeyaandika mwenyewe pale ulipoinama kunakili ubavu wa tairi. Gari lako lenye nguvu za farasi 300 limevaa matairi ya theluji.

STUDLESS ni jina wanalolipa Wajapani tairi la kukanyagia barafu lisilo na misumari. Ile 3519 ni tarehe ya kuzaliwa kwake: wiki ya 35 ya mwaka 2019, yaani mwisho wa Agosti. Namwona mwenye gari wa kwanza akijiandaa mapema na baridi, halafu siku ya kuuza akabaki na seti yake nzuri na kuliachia gari hayo. Herufi Q maana yake tairi limepimwa kwa kasi isiyozidi kilomita 160 kwa saa. Tairi la gari la namna yako kwa kawaida huwa na W, ambayo ni 270, au Y, ambayo ni 300. Najua hapa Kenya hakuna pa kukimbia hivyo, na sheria inakukomesha kwenye 110. Lakini herufi hiyo haipimi wazimu wa dereva peke yake. Inapima pia joto ambalo tairi linaweza kulivumilia, na wewe unashuka Sachangwan nyuma ya malori ukiwa umebeba familia na magunia ya mama.

Nimeshika matairi ya namna hiyo mara nyingi. Yakiwa bado mazima ukibonyeza kashata kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha unazama, na alama inajifuta taratibu kama kidole kwenye unga wa chapati. Mpira huo ulipikwa ubaki laini palipoganda, na yale meno ya kitana ni ya kung'ata barafu. Ukiuleta kwenye lami yetu ya saa nane mchana, kashata zinapinda kila ukikanyaga breki na zinalika kama sabuni. Kwenye lami iliyolowa gari linachelewa kusimama. Yako yana umri, kwa hivyo inawezekana hata ule ulaini wenyewe umeanza kukauka, ukabakiwa na ubaya wa pande zote mbili. Yamejaa humu mjini, na wenyewe wanayaendesha kwa amani kabisa kwa sababu "kashata bado nene".

Kuhusu muuzaji wako, sidhani alikudanganya kwa makusudi. Lililowapoteza nyote wawili ni neno kiangazi. Kwetu kiangazi ni Januari na Februari, vumbi hadi kwenye sufuria, na kinyume chake ni masika. Ukiambiwa tairi ni la kiangazi, akili inakwambia kwamba mvua ikija limekwisha kazi. Mjerumani na Mjapani hawasemi hivyo. Kwao kinyume cha kiangazi ni theluji. Tairi lao la kiangazi ni la siku zozote ambazo baridi haijashuka chini ya nyuzi 7 hivi, kwa sababu chini ya hapo mpira wake unaanza kukakamaa. Mvua imo ndani ya hesabu yao, tena sana, maana huko kwao kiangazi hunyesha.

Sasa tupime Nakuru. Tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hata alfajiri ya Julai unapokuwa umevaa sweta mbili, kwa kawaida hatufiki nyuzi 7. Molo na Timboroa kabla ya jua kuchomoza, labda. Hapo unakwenda pole kilomita za kwanza hadi mpira upate joto, basi. Kwa kipimo chao, kiangazi cha Nakuru kinaanza Januari na kuisha Desemba, na cha Ahero ndiyo usiseme. Tairi la misimu yote lina sehemu iliyotengwa kwa ajili ya theluji kidogo, na sehemu hiyo imekatwa kutoka kwenye mshiko wa lami. Mwenye Probox ya kubebea mboga akilinunua simgombezi. Kwa gari lako, unalipia theluji ambayo hutaiona.

Kwa hivyo ndiyo, nunua ya kiangazi, yale ya kasi. Ila uyachague kwa ajili ya maji kwanza, na turudi Londiani ili uone ni kwa nini.

Kilichokupata kinaitwa kuelea. Tairi lilifika kwenye maji mengi kuliko lilivyoweza kuyatoa, yakajikusanya mbele yake, likapanda juu yake na kuachana na lami. Ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi: magurudumu ya mbele hayakuwa yameshika kitu. Miaka ya 1960 watafiti wa NASA, waliokuwa wakishughulika na ndege zinazotua kwenye njia zilizolowa, walipata kanuni ya kukadiria kasi ambayo tairi huanza kuelea, na kilichoamua ni presha. Kanuni yenyewe ni ya tairi kipara au maji mengi kuliko uwezo wa mifereji, kwa hivyo ichukue kama kadirio. Kwa presha ya 33 inatoa kilomita 96 kwa saa hivi. Kwa presha ya 26 inatoa 85. Wewe ulikuwa kwenye tisini.

Ile 230 ya mlangoni ni hiyo hiyo 33. Wajapani wanaandika kwa kilopaskali, mashine zetu za petroli stesheni zinasoma kwa pauni. Kwa hiyo fundi wako aliponunua starehe ya matuta alikuuzia kuelea. Jaza 33 leo, kabla hata hujanunua chochote, na upime asubuhi gari likiwa limelala, usipime ukitoka safari kwa sababu hewa iliyopata moto inadanganya. Akikuambia uweke naitrojeni kwa pesa ya ziada, mwambie hewa ya bure ina asilimia 78 tayari.

Katika matairi mapya tazama mambo machache. Mifereji mirefu inayozunguka tairi zima, mitatu au minne, mipana kiasi kwamba shilingi ishirini inaingia kwa ubavu bila kubanwa; hiyo ndiyo mitaro ya kupeleka maji nyuma. Mengi yanayotoka Ulaya au yaliyotengenezewa soko hilo yana karatasi yenye herufi A hadi E, na herufi iliyo karibu na alama ya wingu la mvua ndiyo mshiko wa kwenye maji. Usishuke chini ya B. Herufi ya mafuta unaweza kuipuuza, umenunua Subaru yenye turbo, mambo ya mafuta ulishayasamehe. Ubavuni mwa mengi utaona pia neno TREADWEAR na namba. Zenye 200 kushuka ni za watu wa kushindana: zinanata ajabu, zinaisha haraka, na nyingi zina mifereji michache. Gari la kwenda kazini na shule litafute 300 hivi kwenda juu. Namba hiyo kila kiwanda hujipa chenyewe, kwa hivyo usiitumie kulinganisha kampuni moja na nyingine.

Hapo majina yanakuja yenyewe. Michelin Pilot Sport 4 au 5, Continental, Bridgestone Potenza, Goodyear Eagle F1: ndiyo bei ya 29,000 uliyotajiwa, au jirani yake, na manne yanapita elfu tisini zako. Ya 11,500 usiyaguse kwa gari hili. Katikati pana watu wazuri ambao muuzaji hawataji kwa sababu hawana dukani: Hankook Ventus, Falken Azenis, Toyo Proxes, Yokohama Advan Fleva. Ulizia Nakuru, ulizia na Nairobi, yanaletwa kwa basi hadi hapa. Tangu Sameer Africa ilipofunga kiwanda chake cha matairi Nairobi mwaka 2016, karibu kila kitu tunaagiza, na kipimo kinachokosekana wiki hii kinaweza kuwepo mwezi ujao. Mimi ningengoja mwezi mmoja na kuongeza akiba, huku nikiendesha hayo ya theluji kwa presha 33 na mvua ikinyesha nisipite sabini, kuliko kununua vibaya leo.

Kabla ya kulipa, dai uone zile namba nne kwenye kila tairi, sio moja tu la juu ya rundo. Tairi lililokaa stoo mwaka mmoja au miwili halina ubaya. La miaka mitano ni la mtu mwingine. Na usishawishiwe na ya mtumba kutoka Japani. Ndiyo mlango hayo hayo ya theluji yalikopitia.

Sasa binamu. Hesabu yake si ya kijinga, nimeipiga: 245/35R19 kwa kimo inatofautiana na yako kwa milimita tano na nusu tu, kwa hivyo spidomita haitachanganyikiwa. Tatizo ni ubavu. Tairi lako la sasa lina milimita 101 za mpira kati ya rimu na lami. Lake litakuwa na 86. Chukua rula uitazame hiyo milimita 15, halafu kumbuka lile shimo lililofichwa na maji ambalo kila dereva wa barabara yetu analo lake kichwani, na vipande vya mawe vinavyomwagwa na malori ya ujenzi huko kwenye upanuzi wa Rironi hadi Mau Summit. Ubavu mfupi ukigonga ukingo wa shimo, mpira unabanwa kati ya rimu na lami, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake unaona uvimbe kama wa jino. Tairi hilo halizibwi. Tena pana zaidi huelea mapema zaidi, na wewe ushaonja kuelea.

Mwambie hivi, kwa kuwa anapenda Naivasha: yale magari ya Safari Rally anayoyapigia picha, kwenye changarawe yanatumia rimu za inchi 15 na ubavu mrefu. Wenye pesa zote duniani, na mashimo ya Kenya wameyajibu kwa mpira, si kwa rimu.

Kama una hamu ya kubadilisha rimu, nenda kinyume chake: 17 na tairi la 225/50. Kimo kinabaki karibu sawa, ubavu unafika milimita 112, na matairi ya 17 mara nyingi ni nafuu zaidi, hivi kwamba ukiuza rimu zako za 18 huenda usitoe mengi mfukoni. Ila rimu iwe imejaribiwa kwenye gari lako kwanza, ipite kalipa za breki za mbele bila kugusa, na duara la matundu ya nati liwe na kipenyo cha milimita 114.3. Za Impreza za zamani ni 100, hazitaingia hata ukisali. Vinginevyo baki na 18. Ni kipimo kizuri, kina mambo yote unayoyahitaji.

La fundi ndilo linaloniuma, kwa sababu nililifanya mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa na Legacy, pesa zikawa chache, nikaweka mawili mapya mbele na kuacha nyuma yaliyobaki milimita tatu. Wiki kadhaa baadaye nikawa nikikata kona kali kuegesha, gari linakataa, linarukaruka kama limefungwa kamba, na mafuta ya giabox yakanuka kuungua. Nililaumu giabox miezi miwili. Subaru inayozungusha magurudumu yote manne inataka yazunguke sawa, na kampuni yenyewe inataka mizunguko ya matairi isipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita sita hivi. Milimita moja tu ya tofauti kwenye kashata inatosha kukufikisha hapo, kwa kuwa mzunguko wa duara unaongezeka mara sita na zaidi ya kile unachoongeza kwenye nusu ya kipenyo. Kwa hiyo manne, ya aina moja, siku moja. Na pancha isiyozibika ikitokea baada ya kilomita elfu ishirini, ujue inaweza kukugharimu zaidi ya tairi moja. Ndiyo bei ya gari hili, na ni vizuri mama watoto aijue kabla, asije akaiona kwenye risiti.

Kuhusu kuliuza sitaingilia. Namwelewa. Nadhani tu aliogopa kitu cha kweli na akakiita Subaru, ilhali kilikuwa matairi na presha. Safirini tena hadi Ahero baada ya kubadilisha, mvua ikinyesha, kwa mwendo wa themanini, halafu mwulize.

Siku ya kufunga, simama hapo hapo. Balansi kwa yote manne, na magurudumu yapangwe kwenye mashine, kwa sababu barabara zetu zimeshayapinda. Kama tairi lina mshale, mshale uelekee mbele. Kama limeandikwa OUTSIDE, maandishi hayo yakae nje, na usicheke, nimeona moja ndani moja nje kwenye gari moja. Kilomita mia tatu za kwanza usilikazie, juu ya mpira mpya kuna utelezi wa kiwandani unaohitaji kulika. Ukishatembea kama mia moja rudi wakakaze nati upya. Kila elfu nane hadi kumi, ya mbele yaende nyuma. Vile vituta vidogo ndani ya mifereji vinakuonyesha milimita 1.6, lakini kwa mtu anayepita Kericho kila mwezi mwisho wake ni milimita tatu.

Na hayo ya theluji usiyaache dukani. Watayapangusa, watayapaka rangi nyeusi, na Jumatatu yatakuwa chini ya gari la jirani yako. Yachukue nyumbani ukayatoboe ubavu kwa drili, matundu mawili makubwa kila moja. Hata fundi wa akala hatayataka, yana nyaya.